Data huria ya vitabu vya kukwea miamba: anza na kitabu, njia zingoje

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tudor, nimesomea kompyuta. Kila tukipata nauli, mimi na wenzangu huenda Voi kukwea miamba. Mzee mmoja tuliyekutana naye huko alitupa kasha la vitabu vya mwongozo vya zamani pamoja na makaratasi yaliyopigwa taipu. Tangu hapo nimeingiwa na hamu ya kukusanya habari za vitabu vyote vya kukwea vya Afrika Mashariki, niziweke mtandaoni kila mtu azichukue bure. Nianzie wapi? Naruhusiwa kuviskani? Na njia zenyewe za kukwea, niziandike zote?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake mna kazi mbili na wewe umeziona moja. Kuna kuorodhesha vitabu, na kuna kuorodhesha njia zilizomo ndani ya vitabu. Ya kwanza unaweza kuianza Jumamosi hii, wewe na kasha lako na kompyuta, na ina mwisho. Ya pili haiishi, imezungukwa na mambo ya sheria, na ukiikosea mtu anaweza kuanguka. Wengi hukimbilia ya pili kwa kuwa ndiyo tamu. Baada ya miezi mitatu wana mistari elfu ya majina ya njia, hakuna ajuaye ipi imetoka wapi, na kazi inakufa hapo. Kwa hiyo anza na vitabu, na kila utakachoandika kiwe na shahidi: ni kitabu gani, toleo gani, ukurasa gani, na nani alikishika kwa mikono yake.

Kwanza tukubaliane kitabu ni nini. Nenda Biashara Street hapa Mombasa uulizie leso kwa jina lake. Muuzaji atakuuliza unataka ya rangi gani, ile ya zamani au iliyotoka juzi. Jina ni lile lile, lakini pindo limebadilishwa na kitambaa si kile. Vitabu vya kukwea viko vivyo hivyo. Mwongozo wa Mlima Kenya na Kilimanjaro wa Mountain Club of Kenya umetoka zaidi ya mara moja. Toleo la 1981 lilihaririwa na Iain Allan. Mtu akikwambia "imo kwenye kitabu cha klabu", bado hajakwambia kitu. Mlima wenyewe haukai ulivyo. Njia ya barafu ya Mlima Kenya iitwayo Diamond Couloir, iliyokwewa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge, barafu yake imepungua mno tangu siku hizo. Maelezo ya zamani na maelezo ya sasa ya njia ile moja ni habari mbili tofauti, na msomaji wa data yako lazima ajue anasoma ipi.

Basi mstari mmoja wa jedwali lako uwe toleo moja. Kitabu kikichapwa tena bila kubadilishwa neno, usikifungulie mstari mpya. Andika tu kwenye safu ya maelezo kwamba kilichapwa tena mwaka fulani. Kikiwa na mhariri mpya, njia mpya au ramani mpya, huo ni mstari mwingine. Halafu weka safu moja inayoyaunganisha matoleo yote ya kitabu kimoja, ili mtu aweze kuyaona kama ukoo.

Sasa toa kitabu cha kwanza kwenye kasha. Usinakili jalada, kwa sababu mara nyingi limefupishwa kwa ajili ya biashara. Fungua ukurasa wa jina, unakili jina kama lilivyo hata kama limekosewa, kisha geuza ukurasa huo uone nyuma yake. Huko nyuma ndiko kwenye mwaka, mchapishaji, mji na tamko la hakimiliki. Pale ambapo mwaka haukuandikwa, safu ya mwaka iache tupu, na makisio yako yaweke kwenye safu nyingine pamoja na sababu: "tangazo la ukurasa wa mwisho linataja mwaka 1966", kwa mfano. Kisio likiingia kwenye safu ya ukweli halitoki tena. Atakayekuja baada yako atalinukuu, na wa tatu atamnukuu yeye. Hesabu kurasa, andika lugha, taja maeneo yanayoelezwa, na mwisho weka jina la aliyekagua na tarehe. Kitabu ulichokiona kwenye orodha ya maktaba tu, bila kukishika, kiandikwe hivyo waziwazi. Hakuna aibu kuandika "sijakiona".

Kuhusu ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo nimeona kazi nzuri zikiharibika. Vitabu vya kabla ya 1970 havina namba hiyo, ndiyo sababu kila mstari uupe namba yako mwenyewe isiyobadilika. Zilizofuata zilikuwa za tarakimu 10, na tangu Januari 2007 ni za tarakimu 13. Nyingi za Kenya utazitambua kwa 9966, ambayo kwenye zile ndefu hufuata 978. Za vitabu vya Uingereza zile za tarakimu 10 huanza mara nyingi na 0, na sifuri hiyo ndiyo balaa. Chukua 0306406152, namba inayotumika sana kufundishia. Iandike kwenye Excel bila kuiambia kwamba safu hiyo ni ya maandishi, kisha bonyeza Enter. Itabaki 306406152, tarakimu tisa, na hukupewa onyo lolote. Ile ya tarakimu 13 nayo utaiona imegeuka 9.78E+12. Miaka ya nyuma tulihamisha kadi za maktaba moja ya hapa mjini kwenda kwenye jedwali, na tukaligundua jambo hili rafu nzima ikiwa imekwisha kuandikwa. Tulirudia kadi kwa kadi, kwa wiki tatu, ilhali ingetosha kubadilisha aina ya safu kabla ya kuanza.

Namba hizi zina kinga ndani yake, yaani tarakimu ya mwisho inayokagua zilizotangulia; itumie. Kwa ISBN ya tarakimu 13, zidisha zile 12 za kwanza kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu, jumlisha, kisha tazama kinachohitajika kufikia kumi inayofuata. Mfano wetu ukitiwa 978 mbele na kuondolewa tarakimu yake ya mwisho unakuwa 978030640615. Jumla yake ni 93. Kufika 100 panatakiwa 7. Basi tarakimu ya mwisho ni 7. Wewe uliyesomea kompyuta utaandika programu ya mistari mitano ikague jedwali zima kila usiku. Na ukikuta X mwishoni mwa ISBN ya tarakimu 10, usidhani ni kosa la chapa ukaifuta. Inasimama badala ya 10.

Majina ya mahali nayo yanataka safu mbili. Kule Tsavo Magharibi kuna magenge makubwa ambayo wakweaji wameyaandika Kitchwa Tembo, kwa "tch". Mswahili yeyote mkono utamwasha kusahihisha. Usisahihishe. Jina lililochapwa libaki kwenye safu yake, na jina sanifu liwe kwenye safu ya pembeni, ili anayetafuta kwa tahajia yoyote apate. Hell's Gate huitwa pia Ol Njorowa, na mtu wa Naivasha anaweza kutafuta kwa jina hilo. Vipimo hali kadhalika: vitabu vya zamani vimeandika futi. Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, futi 17,058 ni mita 5,199. Acha futi zilizoandikwa, weka mita kando, na useme kwamba wewe ndiye uliyegeuza.

Madaraja ya ugumu usiyageuze kabisa, angalau kwa sasa. Vitabu vya Mlima Kenya vimetumia namba za Kirumi. Majabali mengine yakapewa madaraja ya Kiingereza kama Severe na VS (Very Severe). Mgeni kutoka Afrika Kusini au Australia atakuletea namba tupu kama 17. Kuna majedwali ya kulinganisha, lakini yanalingana kwa kukadiria tu, na VS ya mkweaji wa miaka ya sitini aliyevaa viatu vizito si lazima iwe VS yako. Andika daraja lililo kitabuni na jina la mfumo wake, basi. Tena angalia sana ile programu ya kusoma maandishi kwenye picha: VI na VS, 1 na l, huzichanganya kwa urahisi, na hapo kosa la herufi moja linampandisha mtu mahali asipopaweza.

Jambo jingine ambalo vijana wengi wa kompyuta hawalijui ni la ramani. Ramani za zamani za Survey of Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu yako inasoma WGS84. Ukichukua namba za mahali kutoka kitabu cha zamani ukazitia kwenye simu kama zilivyo, hapa Kenya utakosea kwa karibu mita 300, zaidi kaskazini na kusini. Mjini, mita 300 ni kutoka mtaa hadi mtaa. Tsavo, ni kutoka chini ya jabali hadi katikati ya kichaka usichojua ndani yake mna nini. Kwa hiyo pale penye namba za mahali pasikose safu ya mfumo wa ramani. Kitabu kisipousema, andika "haikutajwa" na usikibebeshe mfumo wa simu.

Sasa sheria. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ukweli mtupu hauna mwenyewe: urefu wa genge, mwaka wa kukwewa, jina la mchapishaji, idadi ya kurasa. Hivyo viandike bila hofu. Namna mwandishi alivyoeleza ni yake: sentensi zake, michoro yake ya njia, picha na ramani alizochora. Hivyo, ukiacha picha za kamera ambazo zina hesabu yake, hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Nikupe mfano. Halford Mackinder, aliyeongoza kundi lililofika Batian mara ya kwanza mwaka 1899, alifariki 1947, kwa hiyo maandishi yake kwetu hayana kizuizi tena. Eric Shipton, aliyekwea Nelion, kilele cha pili cha mlima huo, kwa mara ya kwanza pamoja na Wyn Harris mwaka 1929, alifariki 1977. Kwa hesabu ya Kenya maandishi yake yatakuwa mali ya umma mwanzoni mwa 2028, lakini Uingereza, ambako huhesabu miaka 70, ni hadi mwanzoni mwa 2048. Tovuti haina mpaka wa Namanga. Ukiyaweka wazi hapa yanasomwa na kule.

Kwa hiyo, kuskani. Skani kwa ajili ya kukagua kazi yako na kuhifadhi nakala isipotee. Hilo silioni kuwa na ubaya. Kuiweka skani ya kitabu kizima mtandaoni ni jambo jingine, usilifanye bila ruhusa ya maandishi. Ruhusa yenyewe si ngumu kuomba. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa klabu au mchapishaji, taja kitabu na toleo, sema unataka kuweka nini na wapi, na kwa leseni ipi. Wapenzi wa milima wengi hufurahi kuona kazi zao hazikuozea kabatini. Akikataa, mshukuru na uache. Habari za kitabu hubaki zako kuziandika, maneno yake hubaki yake.

Na usijaribu kuvuta tovuti nzima ya wenzako kwa programu ukaita ni utafiti. Masharti ya tovuti nyingi hayaruhusu, na Umoja wa Ulaya una kanuni ya 1996 inayomlinda kwa miaka 15 aliyegharimika kukusanya data, hata kama kila punje ndani yake ni ukweli mtupu. Namba za mahali nazo usizitoe Google Maps. Ukizitoa OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, jua leseni yao ya ODbL inataka data utakayoijenga juu yake na kuitoa wazi itolewe kwa masharti hayo hayo. Njia safi kuliko zote ni kwenda na GPS yako mwenyewe. Voi si mbali, kama kilomita 150, na tayari mna mazoea ya safari.

Leseni ya data yako ningechagua CC0, yaani unaachia kila haki. Najua inauma kidogo baada ya miezi ya jasho. Lakini fikiria mtu anayeunganisha orodha ishirini, kila moja inadai sharti lake. Atashindwa na ataziacha zote. Wikidata, hifadhi huria ya data iliyoanza 2012, inatumia CC0, na OpenBeta inayokusanya njia za kukwea pia, kwa hiyo yako itaungana nazo bila mvutano. Kutajwa jina omba kwa adabu kwenye maelezo ya mwanzo. Jedwali lihifadhi kama CSV ya UTF-8, yaani faili ya maandishi matupu inayosomeka na programu nyingi. Kila unapomaliza sehemu, weka toleo lenye tarehe Zenodo, hifadhi iliyoanzishwa 2013 na kutunzwa CERN. Watakupa namba ya kudumu ya DOI, na hata kompyuta yako ikiibiwa kesho kazi ipo.

Vitabu visivyo kwenye kasha utavitafuta kwenye orodha za mtandaoni za WorldCat na Open Library, kisha kwenye orodha ya maktaba ya Alpine Club ya London, klabu iliyoanzishwa 1857. Hapa nyumbani uliza Fort Jesus, uliza Maktaba ya McMillan kule Nairobi, na upite kwa wauza vitabu vya mitumba.

Nimebakisha swali lako la mwisho, la njia. Nenda nazo polepole, jabali moja kwa wakati, baada ya orodha ya vitabu kukamilika. Andika jina la njia, urefu, daraja, waliokwea kwanza, mwaka, na ukurasa ulikotoa. Weka pia safu ya mwaka wa habari yenyewe, tena uionyeshe mbele kabisa, kwa sababu kitabu ni shahidi wa siku kilipoandikwa tu. Kwetu pwani hilo ni zito zaidi. Mombasa imekaa juu ya matumbawe, na chumvi ya bahari haisamehi chuma. Kwenye miamba ya chokaa ya pwani ya Thailand, bolti, yaani vyuma vinavyopigiliwa mwambani ili kufungia kamba, za chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu zimekatika ghafla, zimeliwa kwa ndani huku nje zikionekana nzima, mpaka watu wakahamia titani. Maneno "bolti ni imara" ya mwaka 1995 yakinakiliwa leo bila mwaka wake, umemwekea mwenzako mtego.

Kuna pia mambo ambayo hata yakiwa kitabuni hayafai kuwekwa wazi. Wataita walihifadhi mafuvu ya wahenga wao katika mapango ya miamba, na mahali hapo wanapaheshimu mpaka leo. Ukikuta kitabu kinaelekeza watu kwenye pango la namna hiyo, andika kwamba kitabu kipo na eneo linatajwa, lakini namba za mahali ziache, ukawaulize wazee wa hapo kwanza. Magenge wanakotaga tumbusi, kama ya Hell's Gate, pia yanataka tahadhari hiyo. Na vitabu vya zamani vina anwani na namba za simu za waongoza wageni. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hayo ni ya mtu binafsi, na data yako haiyahitaji. Jina la aliyekwea kwanza, lililochapwa kitabuni, ni historia, liandike. Akitokea mwenyewe akaomba liondolewe, liondoe.

Sasa rudi kwenye kasha. Mimi ningeanza na yale makaratasi, vitabu vikingoja. Kitabu kilichochapwa kina ndugu zake mahali fulani duniani. Karatasi iliyopigwa taipu pengine ni hiyo hiyo moja. Liondoe kasha hilo sakafuni leo. Pini za stepla toa taratibu kwa ncha ya kisu butu, maana kwa unyevu wa hapa Mombasa zimekwisha kushika kutu na zitaila karatasi. Karatasi hizo zilaze bapa kati ya karatasi nyingine safi, mbali na dirisha, na usizitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, zitaota ukungu. Usitumie selotepu hata kidogo. Zipige picha zote, mbele na nyuma, hata upande ulio mtupu, kwa kuwa mara nyingi mtu ameandika jambo kwa penseli pembeni.

Halafu mtakapokwenda Voi tena, mtafute yule mzee. Muulize ni nani alizipiga taipu, mwaka gani, na njia zipi kati ya hizo alizikwea yeye mwenyewe. Muombe idhini ya kuandika jina lake, na asipotaka liache. Majibu yake yaandike siku hiyo hiyo, na tarehe, kwenye safu ya shahidi. Mistari kumi ya kwanza ikiwa tayari niletee pamoja na picha za kurasa za jina, tuikague mmoja mmoja kabla hujaandika wa kumi na moja.